Mgongo unaniuma kwa kunyanyua wagonjwa, inchaji anasema nimejilegeza. Ni kweli?

Swali nimelifupisha kidogo, maneno ni yake mwenyewe: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni nesi, nina miaka 28, mwaka wa nne huu nipo wodi ya wagonjwa wa kiharusi na wazee. Miezi mitano sasa kiuno kinaniuma, zamu ikiisha hata kuinama kuvua viatu ni shida. Chuoni tulifundishwa kunja magoti, nyoosha mgongo, mzigo uwe karibu na mwili, najitahidi hivyohivyo lakini wapi. Inchaji wangu anasema wao walinyanyua wagonjwa miaka 30 na hawakulalamika, sisi wa siku hizi tumejilegeza. Mashine ya kunyanyulia ipo moja, imefungiwa stoo. Je ni mimi nakosea, au mwili wangu ndio dhaifu? Na je ninunue ule mkanda mpana wa kufunga kiunoni?"

Marahaba mdogo wangu. Nikupe jibu kwanza halafu maelezo yafuate, maana najua unasoma hii ukiwa umechoka. Hapana, mwili wako sio dhaifu, na sidhani unakosea kuliko wenzako. Unachofanya ni kazi ambayo mgongo wa binadamu, uwe wako au wa bondia, hauwezi kuibeba mara kumi na tano kwa zamu halafu ukabaki salama, na kile ulichofundishwa chuoni kilitungwa kwa ajili ya maboksi.

Nasema maboksi sio kwa utani. Boksi lina pembe za kushikia, uzito wake umekaa katikati, ukilisogelea halikushiki shingo. Mgonjwa je? Mkono mmoja umelegea, mwingine umekamata reli ya kitanda hataki kuachia, ana dripu huku na mfuko wa mkojo kule, na katikati ya kunyanyua anaamua kujitupa nyuma kwa sababu kaogopa. Halafu yupo katikati ya kitanda, wewe upo pembeni. Sasa niambie hayo magoti unayakunja vipi wakati fremu ya kitanda imekuzuia kwenye mapaja? Mzigo karibu na mwili utausogezaje wakati godoro lipo katikati yenu? Lazima uiname, lazima unyooshe mikono, na mara nyingi lazima ujipinde pia. Yale mafunzo hayakudanganya, ila wodini hayana pa kufanyia kazi, ndio maana unajiona mzembe kumbe unajaribu kitu kisichowezekana.

Nikuwekee hesabu kidogo. Wale NIOSH wa Marekani, taasisi ya utafiti wa usalama na afya kazini, wana kanuni ya kukokotoa mzigo wa kunyanyua, na kila kitu kikiwa shwari kabisa, mzigo upo karibu, hujipindi, sakafu nzuri, wanaanzia kilo 23. Hilo ni boksi. Mwaka 2007 mtafiti wao mmoja, Thomas Waters, akaiangalia kanuni hiyo upande wa wagonjwa akasema hapa ishuke, ukomo uwe kama kilo 16, na hizo kilo 16 ni pale mgonjwa anaposhirikiana na hatarajiwi kufanya kituko. Sasa mguu mmoja wa mtu, kuanzia nyonga mpaka unyayo, ni kama asilimia 16 ya uzito wake wote. Mtu wa kilo 100, mguu wake mmoja ni kilo 16. Yaani umemshikia tu mguu ili mwenzako afunge bandeji umeshafika ukomo, na hapo hakuna aliyesema umenyanyua mgonjwa, wodini hiyo inaitwa "nishikie hapo mara moja".

Na kwa nini kuinama kunauma hivyo? Chukulia ubao wa bembea ya watoto, ile ya kupanda na kushuka. Misuli inayonyoosha kiuno chako imekaa nyuma ya pingili, umbali wa kama sentimita 5 tu. Mgonjwa uliyemnyooshea mikono yupo sentimita 50 mbele. Kwa hiyo upande wake wa bembea ni mrefu mara kumi, na kila kilo 10 unazovuta kule mbele misuli yako huku nyuma inabidi ikaze kama inavuta kilo 100, na mkazo wote huo unaishia kuzibana zile diski za kiunoni, vile vitakia vilivyo kati ya pingili. Hapo sijahesabu kiwiliwili chako mwenyewe, ambacho nacho kimening'inia mbele kinadai haki yake.

Mwaka 1999 William Marras na wenzake walichapisha utafiti ambao mimi huwa nautaja kila darasa. Waliwafunga watu vipimo mgongoni, wazoefu na wasio wazoefu, wakawaambia wahamishe na kupandisha mgonjwa kwa mbinu mbalimbali, mtu mmoja mmoja na wawili wawili. Mgonjwa wenyewe alikuwa mwepesi, kilo 50, na anashirikiana vizuri, mgonjwa wa ndotoni tuseme. Matokeo yake ni kwamba ukiwa peke yako hatari ni kubwa sana, mkiwa wawili inapungua lakini haiishi, hata ile kazi iliyoonekana nafuu kuliko zote bado ilikuwa na hatari ya kuumiza mgongo. Kwa hiyo inchaji akisema "itaneni wawili" kasema kitu cha maana, ila wawili sio kinga.

Tuje kwa inchaji sasa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mzigo wa miaka 30 iliyopita ni mwepesi zaidi, mtu kashausahau. Ila usimwone mbaya. Mimi nimekaa na manesi na wahudumu wa wodi kwa miaka mingi nikiwauliza kuhusu migongo yao, na karibu wote wanaanza na sentensi ileile, "aah kazi yetu ndivyo ilivyo". Maumivu yameshakuwa kama sehemu ya yunifomu. Mtu anakwambia mgongo wake ni mzima, halafu anakwambia analala na mto chini ya magoti mwaka wa sita sasa na asubuhi anaanza kwa kuketi kitandani dakika tano kabla hajasimama, na vyote hivyo haviiti ugonjwa. Halafu kumbuka unaowaona wana miaka 30 kazini ni wale waliobaki. Walioumia wakahamia kliniki, wakaenda maktaba ya mafaili, wakaacha kazi, hao hawapo pale wodini kukupa ushuhuda.

Lakini kuna kitu kingine hicho inchaji hakisemi na wewe pia hukukiandika, ingawa nakisikia kwenye swali lako, nacho ni huruma. Mzee kalowa, analia anaona aibu, watoto wake wako mlangoni wanaangalia, mwenzako yupo chumba cha pili anatoa dawa. Hapo kichwani hakuna hesabu ya kilo 16. Unamgeuza mwenyewe. Nimewauliza watu wengi kwa nini hawakusubiri, jibu linakuja na mshangao kabisa kama vile nimeuliza swali la kijinga, "sasa ningemwacha vile?" Ndio kazi hii ilivyo, anayeijali ndiye anayeumia haraka. Mvivu wa wodi mgongo wake mara nyingi ni mzima tu, umewahi kuliona hilo?

Na ile mashine ya stoo. Kwanza ieleweke kwamba mnaoiacha sio wajinga. Funguo anayo mtu ambaye yupo mapumzikoni, ukiipata betri imekufa, betri ikiwaka slingi, kile kitambaa cha kumbebea, hakionekani au kipo saizi ndogo, na kuisukuma katikati ya vitanda vilivyobanana nayo ni kazi ya kuumiza mgongo kivyake. Kwa mkono mnamaliza dakika moja. Binadamu yeyote mwenye wagonjwa wengine kumi wanaomsubiri atachagua mkono. Kisha mgonjwa mwenyewe anaiogopa, kuning'inizwa hewani ukiwa na gauni la hospitali nyuma liko wazi sio jambo dogo, wapo wanaosema wanajiona kama shehena bandarini. Hapo nimegundua kitu, woga mwingi unatoka kwetu. Nesi asiyeizoea mashine mikono inamtetemeka, mgonjwa anaona. Yule aliyeizoea anamfunika kwanza, anamwambia sasa utapanda kidogo, nipo hapa nimekushika goti, na mgonjwa anatulia. Kuna wagonjwa wakishaizoea hawataki tena kushikwa makwapani, wanasema mikono yenu inaumiza, na wanasema kweli.

Kabla sijaenda kwenye la kufanya niseme pia kuhusu makaka, manesi wa kiume, maana kila nikiandika mambo haya wananiandikia. Kaka yupo wodi yake na kazi zake, anaitwa wodi tatu nyingine "njoo utunyanyulie". Anaenda, nani akatae kuitwa mwenye nguvu. Anakuwa winchi ya hospitali nzima. Diski ya mwanaume nayo ina ukomo, kaka zangu, jifunzeni kusema nakuja ila tunateleza, hatunyanyui.

Maana neno lenyewe ni hilo, kuteleza. Wagonjwa wengi wa kitandani hawahitaji kunyanyuliwa kabisa, wanahitaji kusogezwa. Chukua ile kazi inayoongoza kuumiza watu, mgonjwa kaporomoka mpaka miguu inagusa ubao wa chini, mnataka kumpandisha. Mnachofanya wengi ni huyu kulia huyu kushoto, mkono kwapani, moja mbili tatu, hap. Hapo mmemnyanyua nusu na kumburuta nusu, ngozi ya makalio imebaki kwenye shuka wakati mfupa umepanda, na kidonda cha mgandamizo kinaanzia hapohapo. Na kama ni wa kiharusi, lile bega la upande uliopooza halina misuli ya kulishika, ukilivuta kwapani unalichomoa taratibu. Kwa hiyo hata kama mgongo wako huujali, mjali yeye.

Fanya hivi. Pandisha kitanda kwanza mpaka usawa wa nyonga yako, na kama mwenzako ni mfupi fuateni mfupi. Najua kuna vitanda havipandi, nitakuja huko. Funga breki. Laza kichwa cha kitanda kiwe bapa, watu wanasahau hili wanampandisha mgonjwa mlima kabisa, halafu kama kitanda kinaruhusu na mgonjwa hana shida ya kupumua wala jeraha la kichwa, inua upande wa miguu kidogo ili uzito wenyewe uende kule unakotaka. Ondoa mto, uusimamishe pale kichwani asije akagonga mbao. Weka shuka la kuteleza chini yake, lile la nailoni laini lililokunjwa mara mbili. Mkunje magoti, mwambie nikisema tatu sukuma kwa visigino. Hata akiwa na mguu mmoja mzima atumie huohuo, utashangaa mtu mliyekuwa mnamhesabia kilo 80 anavyojipandisha nusu ya safari. Nyinyi mnasimama mguu mmoja mbele mmoja nyuma, mnashika shuka karibu kabisa na mwili wake, mnahamisha uzito wenu kutoka mguu huu kwenda huu. Mikono haivuti, inashika tu, mwili ndio unaenda. Na shuka la kuteleza likishamaliza kazi litoe, ukilisahau atakuja kukuporomokea sakafuni usiku.

Hamna shuka hilo? Nimeona wodi wanaweka mfuko mkubwa mpya wa plastiki chini ya shuka la kugeuzia, mgonjwa anateleza vizuri tu. Sio kifaa rasmi na hapo sharti la kuutoa ni kali mara mbili, lakini kati ya huo na kumkwida makwapani mimi nachagua huo.

Kumgeuza ubavu pia usitumie nguvu. Anageukia kwako, sio anakwenda mbali na wewe. Goti la mbali likunje, unyayo ukae kwenye godoro, mkono wa mbali uvuke kifua, kichwa kimetazama upande wako. Mkono wako mmoja kwenye goti lake, mwingine nyuma ya bega. Goti likianza kuja nyonga inafuata, nyonga ikija kiwiliwili hakina ujanja. Nimeshawahi kumfundisha binti mdogo wa kimo akamgeuza baba yake mwenye mwili mkubwa, akacheka kwa mshangao, akarudia mara tatu akidhani amebahatisha.

Kumsimamisha ndio penye mtihani, maana hapa mgonjwa anaweza kukudanganya bila kukusudia. Asubuhi alisimama, jioni hawezi, kachoka au dawa zimemlegeza au sukari imeshuka. Faili linasema "anasimama kwa msaada wa mtu mmoja" na limeandikwa juzi. Kwa hiyo mpime kila mara, inachukua nusu dakika. Akae ukingoni mwa kitanda bila kushikwa, halafu mpe mkono umsalimie, ila mkono wako uwe mbali kidogo ili autafute kwa kuvuka katikati ya mwili wake. Akiyumba kusalimia tu, hawezi kusimama leo. Akiweza, anyooshe goti moja hewani alishikilie kidogo, halafu la pili. Goti likidondoka lenyewe, basi, hamsimamishi kwa mikono hata mkiwa wawili, hapo ndipo mashine inatoka stoo. Akifaulu vyote, sogeza makalio mpaka ukingoni, miguu irudi nyuma chini ya magoti, ainame mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu, mikono yake isukume godoro. Isishike shingo yako! Mgonjwa aliyekushika shingo akianza kudondoka hakuachii, mnakwenda wote.

Na akidondoka? Hili nikusimulie langu, sikuwahi kulisema kwa mapana kwa miaka mingi. Nilikuwa mwaka wa pili kazini, hospitali nitaiacha bila jina, mzee wa kiharusi aliyekuwa anaendelea vizuri, akaniambia "leo mwanangu naweza, niachie". Nikamwachia kidogo tu. Hatua ya tatu goti likaachia, na mimi nikafanya kile ambacho kila mtu anafanya, nikamdaka, mikono makwapani, nikajipinda kumrudisha kwenye kiti kilichokuwa nyuma yangu. Kiuno kikalia, sio sauti, ila nilisikia. Mzee akakaa salama, akaniombea dua. Nikamaliza zamu. Kesho yake sikuweza kufunga zipu ya suruali nimesimama, nikampigia bosi nikamwambia nimelala vibaya. Sikujaza fomu yoyote. Unajua kwa nini? Kwa sababu ndiye mimi niliyekuwa nafundisha wengine namna ya kunyanyua! Aibu ilinishinda kuliko maumivu, nikakaa miezi miwili nafanya kazi nikiwa nimekakamaa kama mlingoti.

Ninachofundisha sasa ni kwamba mgonjwa anayedondoka hadakwi, anashushwa. Kama upo nyuma yake karibu, panua miguu, mwache ateleze kwenye mwili wako na paja lako mpaka sakafuni, ulinde kichwa chake tu. Kama upo mbali, sogeza kiti au meza isimgonge, mwache aende. Inauma kuliandika na inauma zaidi kulifanya, mikono inataka kudaka yenyewe. Na akishafika chini msikimbilie kumnyanyua, pale sakafuni haendi popote. Mfunike, mpime, muulize anaumwa wapi, leteni vifaa, mnyanyueni mkiwa mmepanga. Haraka ya kumtoa sakafuni mara nyingi ni aibu yetu kwa ndugu waliosimama pale, sio hitaji lake.

Sasa vitanda visivyopanda na wodi isiyo na kitu. Hapa sitakuficha, mbinu zote nilizotaja zinapunguza tu. Mwaka 2008 BMJ, jarida la kitabibu la Uingereza, lilitoa uchambuzi wa tafiti kuhusu kufundisha watu namna ya kunyanyua, na ukaonyesha hakuna ushahidi kwamba mafunzo hayo yanazuia maumivu ya mgongo, hata pale yalipokwenda pamoja na vifaa. Mimi ambaye nakula kwa kufundisha mafunzo hayo nilisoma nikakasirika wiki nzima. Halafu nikakumbuka wodi ninazozijua. Semina siku moja, kila mtu anasaini, chai, picha ya pamoja, mashine inarudi stoo. Hapo kuna kitu gani kimebadilika? Panapobadilika ni pale kazi yenyewe inapopangwa upya, shuka la kuteleza linaning'inia kwenye kitanda cha mgonjwa anayelihitaji, mashine ipo wodini inachajiwa, kuna mmoja wenu anayejua kuitumia usiku na mchana, na kila mgonjwa ameandikiwa juu ya kitanda anahamishwaje leo. Uingereza kanuni zao za mwaka 1992 zinamtaka mwajiri kwanza aepushe kunyanyua kwa mikono kunakoweza kuumiza pale inapowezekana, ndipo apime hatari iliyobaki, na chama cha wauguzi cha huko mwaka 1996 kikataka kumnyanyua mgonjwa mzimamzima kwa mikono kuishe isipokuwa kwenye hali za kipekee au za kutishia maisha. Jimbo la Victoria, Australia, chama cha manesi kikaleta sera yake kama hiyo mwaka 1998. Angalia mpangilio wake, kuepuka kumekuja kwanza. Wewe ulichopewa ni kile cha mwisho kabisa, jitahidi unyanyue vizuri.

Kwa hiyo kwa inchaji usiende na maumivu yako, atakurudisha kwenye miaka 30 yake. Nenda na daftari. Wiki mbili, kila zamu, andika mmempandisha nani, mara ngapi, mkiwa wangapi, kwa nini mashine haikutumika. Alama tu, vijistari. Nimeona daftari la namna hii likifungua stoo ambayo malalamiko ya miaka mitatu hayakuifungua, kwa sababu inchaji akishaona kwamba mgonjwa mmoja kapandishwa mara kumi na moja usiku mmoja anauliza swali jipya kabisa, kwanini huyu anaporomoka hivyo? Na mara nyingi jibu ni kichwa cha kitanda kimeinuliwa kupita kiasi bila kukunja magoti, mnarekebisha hilo tu na kazi inapungua nusu bila kununua kitu. Umwombe jambo moja dogo tu, mashine ikae wodini na funguo ikae kwenye droo ya zamu. Na kila unapoumia andika ripoti siku hiyohiyo, hata ikiwa kidogo, usifanye kama mimi.

Kuhusu kiuno chenyewe, miezi mitano ni mingi, nenda ukaonwe na mtu akupime kwa mikono yake, sio kwa kusoma maandishi kama mimi. Usijilaze, kulala siku nyingi kunachelewesha, tembea, endelea na shughuli ndogondogo, omba uondolewe kwenye kunyanyua kwa muda na sio kuondolewa kazini. Ila ukisikia ganzi sehemu unayokalia, au mkojo unakataa kutoka au unatoka bila wewe kujua, au miguu yote miwili inaishiwa nguvu, usisubiri zamu iishe, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Mkanda usinunue. NIOSH waliuchunguza tangu mwaka 1994 wakasema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba unamkinga mtu asiyeumia bado, na ninachouchukia mimi binafsi ni kwamba ukiufunga unajiona umelindwa, unanyanyua na yule ambaye jana ungemwitia mwenzako. Kama umeshaununua basi uvae nyumbani ukiona unakupa nafuu, wodini uache kabatini. Na ukianza lile daftari niandikie tena zikiisha hizo wiki mbili, nataka kujua ni mgonjwa wa kitanda gani anawamaliza.